Mjadala: Breki kubwa kwa gari la barabarani, usalama au urembo?

Mleta mada:
Wakuu, Kampala siku hizi wenye Subaru wengi wanataka kalipa (kifaa kinachobana breki) za pistoni nne na diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) zenye matundu, wakiamini gari litasimama mapema. Napinga. Kinachoshika lami ni tairi. Kama breki ulizo nazo, ukizikanyaga kwa nguvu, zinafunga magurudumu au zinaamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), basi nguvu ipo tayari na mpira ndio umeshindwa. Fedha ya kalipa ningenunulia tairi nne mpya. Hizi za mtumba nyingi zimeshakauka, mvua ikinyesha zinateleza tu.

Linalofuata ni mafuta ya breki, na hapa tunazembea mno. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini. Badilisheni kila baada ya miaka 2! Kisha pedi nzuri, yaani vipande vinavyosugua diski. Diski za matundu sizitaki kwenye gari la kila siku, nyufa huanzia kwenye matundu hayo hayo.

Dereva wa Kapchorwa:
Mkuu, hayo ni ya tambarare. Mimi nashuka Kapchorwa kwenda Mbale na abiria na mizigo. Juu kule breki zinakamata vizuri. Nikifika kona za chini zinanuka, pedali ngumu, na gari halipunguzi mwendo. Tairi mpya itanisaidia nini hapo?

Mleta mada:
Hapo nakubali, ndugu yangu. Pedali ikiwa ngumu na gari haliitikii, pedi zimezidiwa na joto, na diski kubwa hubeba joto zaidi. Ila anza na pedi zinazohimili joto, na shuka kwa gia ndogo ili injini ikuzuilie gari. Ukiongeza nguvu ya breki za mbele peke yake kupita kiasi, magurudumu ya mbele yatafunga mapema huku ya nyuma yakifanya kazi kidogo, na gari linaweza hata kusimama mbali zaidi. Pima na rimu pia, inchi 15 mara nyingi hazipishi kalipa hizo.

Mafundi mliomo humu: mkishalifungia gari la mteja kalipa za gari jingine, mnalijaribu wapi kabla ya kumkabidhi mwenyewe?