Gumzo la ukoo: presha ya Shangazi

Shangazi: Hamjambo wanangu. Leo nimepimwa presha, naambiwa 152/96. Mbona kichwa hakiniumi hata kidogo?

Mariamu (muuguzi): Shikamoo shangazi. Presha haipigi hodi. Wengi wanakaa nayo miaka bila kuhisi chochote. Ulipumzika kabla ya kupimwa?

Shangazi: Marahaba. Nipumzike wapi! Nimepanda ngazi, nikafungwa mkanda palepale, huku namsimulia yule binti habari za harusi.

Mariamu: 😂 Basi tuirudie. Nenda haja ndogo kwanza, ukae dakika 5 mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono usawa wa moyo. Kimya! Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, siku 7, uandike. Ukipimia nyumbani, wastani ukifika 135/85 hiyo tayari ni presha.

Idi: Mashine ninayo, naileta jioni. Ila mimi nilidhani moyo ni maradhi yetu wanaume.

Mariamu: Dhana hiyo ndiyo inayotuponza. Duniani, moyo na mishipa vinaua wanawake wengi kuliko maradhi mengine yoyote. Sisi hutuchelewea tu. Hedhi ikishakoma, presha na kolesteroli huanza kupanda.

Salma: Mimi yangu ilipanda nilipokuwa na mimba, wakakuta na protini kwenye mkojo. Nilipojifungua ikashuka. Hiyo si ilishapita?

Mariamu: Imeshuka mdogo wangu, haijapita. Aliyepata hali hiyo, hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kama mara 2 ya wenzake. Kila ukienda kupimwa itaje, hata usipoulizwa. Na presha upime angalau kila mwaka.

Salma: Hakuna aliyewahi kuniambia 😳

Mama Mkubwa: Mariamu, nimesikia kuna kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe wa ndani kwa ndani. Kweli au biashara?

Mariamu: Kweli, mama mkubwa. Kinaitwa CRP, ni protini inayotoka kwenye ini mwili ukiwa na uvimbe, yaani kinga yake ikiwa vitani. Kwa mambo ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita ni vizuri, juu ya 3 hatari imeongezeka. Utafiti wa Marekani uliotoka 2024 uliwafuatilia wanawake karibu 28,000 kwa miaka 30. Waliokuwa na CRP ya juu tangu mwanzo waliugua moyo na kiharusi zaidi, na si kwa sababu ya kolesteroli peke yake.

Idi: Sasa uvimbe na presha vinakutana wapi?

Mariamu: Kwenye ukuta wa mshipa. Presha inauchubua, mafuta yanapenya, askari wa mwili wanaingia kupigana humohumo. Hapo hujengeka donge. Likipasuka damu inaganda, mshipa unaziba. Kimoja kibaya, viwili vibaya zaidi.

Shangazi: Na mimi mwenye baridi yabisi je?

Mariamu: Hapo ndipo moyo wangu unapodunda, shangazi. Huo ni uvimbe wa miaka, unagusa na mishipa. CRP yako isikutishe ikiwa juu, viungo vinaipandisha, hata mafua huipandisha. Maumivu unayatuliza na nini?

Shangazi: Diklofenaki. Kila siku, asubuhi na jioni.

Mariamu: Nani alikuandikia?

Shangazi: Nanunua mwenyewe.

Mariamu: Shangazi! Hiyo inazuia chumvi na maji mwilini, presha inapanda, na moyo unaumia. Kesho twende wote kwa daktari, uibebe na pakiti yake. Kabla ya kuulizia CRP, tuanze na hilo.

Mama Mkubwa: 🙈 Na mimi ninayo kwenye mkoba.

*Kesho yake, saa 1 asubuhi*

Shangazi: 146/92, ya pili 143/90. Sikusema neno hata moja.

Idi: Nathibitisha. Nilikuwepo, sikuamini.

Mariamu: Bado iko juu. Andika zote mbili. Nakupitia saa 3.