Loka ya kujifunga yenyewe kwenye pikapu: niweke ipi nyuma?

Pikapu Nyeupe ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kabla sijachimba mfuko.

Nina pikapu ya kebini mbili, gia za mkono, fobaifo ya kuunga kwa mpini, matairi ya inchi 31. Siku tano za wiki iko kwenye lami, nyuma hamna kitu zaidi ya jeki na tairi la akiba. Siku mbili zilizobaki naingia nayo kwenye matope na makorongo, mara na mzigo, mara tupu. Tatizo langu ni mfereji. Nikiuvuka kwa mshazari, tairi la nyuma kushoto linanyanyuka, la mbele kulia nalo linanyanyuka, yanazunguka hewani kama feni, na yale mawili yaliyokanyaga ardhi yamenyamaza kabisa. Fobaifo nimeunga, mafuta nimekanyaga, gari halitoki.

Nataka loka, yaani kifaa cha kufunga difu (zile gia za katikati ya matairi ya nyuma zinazoyaacha yazunguke kwa kasi tofauti) ili yote mawili yazunguke pamoja. Sitaki swichi, pampu ya upepo wala mipira ya kupitisha upepo uvunguni. Nataka kitu kinachojiendesha chenyewe. Nimeona aina mbili: ile inayobadilisha kizimba kizima cha difu, yaani chuma kinachobeba gia zake, na ile ndogo inayoingia ndani ya kizimba mahali pa gia za spaida, zile ndogo za katikati. Aliyeniuzia gari alisema difu ni ya kawaida, kwa hiyo naelekea kwenye hiyo ndogo. Kama kuna aliyewahi kuiweka akajuta, anisimulie.

Kamba Ndefu:

Weka loka ya upepo, ile ya swichi, mkuu, ulale usingizi. Unaifunga ukiona mfereji, unaifungua ukishavuka, lami hujui hata kama ipo. Hiyo mipira unayoiogopa ni kazi ya mchana mmoja.

Spana Kumi na Saba:

Mimi nimeendesha miaka sita na hiyo hiyo ndogo, kwenye pikapu fupi ya kebini moja, kisha nikaitoa. Siisemi vibaya. Ila jina lake linadanganya watu, ngoja nianzie hapo.

Mtu akisikia "ya kujifunga yenyewe" anadhani ukiwa lami difu iko huru, na tairi likiteleza ndipo inafunga. Ipo inayofanya hivyo: G80 ya kampuni ya Eaton, ambayo General Motors wamekuwa wakiiweka kiwandani tangu miaka ya 1970. Ndani yake kuna vyuma vizito vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko. Tairi moja likilizidi la pili kwa mizunguko kama 100 kwa dakika, vinanasa na difu inafunga. Gari likishapita kilomita 32 hivi kwa saa, haifungi tena. Detroit Locker, ambayo ni ya kizimba kizima, na hizi ndogo, yaani Lock-Right, Aussie Locker na Lokka, ziko kinyume chake. Zimefungwa muda wote. Kinachotokea chenyewe ni kufunguka, tena pale tu tairi la nje la kona linapotaka kukimbia kuliko krauni, ile gia kubwa ya difu inayozungushwa na propela. Meno yanapandana, yanaachia, tairi la nje linakwenda zake, na nguvu yote ya injini inabaki kwa tairi la ndani.

Sasa chukua kona ya kuingia maegesho. Umeachia mafuta, gari linajiviringisha: utasikia ka-ka-ka-ka huko nyuma, kama mtu anayejaza ufunguo saa ya ukutani. Hapo hakuna shida. Kanyaga mafuta katikati ya hiyo hiyo kona. Meno yananasa, matairi yanalia, pua ya gari inataka kwenda moja kwa moja, na wewe unabishana na usukani. Achia ghafla, utasikia DU! Mara ya kwanza nilisimamisha gari nikaingia uvunguni kutafuta kilichovunjika. Nilikagua propela, springi, hadi maungio ya ekzosi. Kila kitu kizima. Mke wangu akaniuliza kama tumemgonga mbuzi.

Ikabidi mguu ujifunze upya: pima mafuta kabla ya kona, kisha usiyabadilishe hadi usukani urudi katikati. Gari refu kama lako halina kelele kama lile fupi langu, lakini gia za mkono zinaongeza kishindo. Mwenye gia za otomatiki hasikii sana.

Kwenye mfereji wako wa mshazari, sikufichi, hiyo loka ni mchawi. Tairi moja liko hewani, la pili limekanyaga, gari linapanda kama hakuna kilichotokea. Ila jua kwamba wakati huo nguvu yote inapita kwenye ekseli ya upande mmoja. Ukiwa na mzigo, halafu tairi limekwama kwenye jiwe na wewe unakanyaga kwa hasira, ekseli inakatika. Na kwa kuwa hii ndogo inatumia kizimba kile kile cha zamani, haikiongezei nguvu yoyote. Kwa inchi 31 uko salama ukiwa mpole.

Kilichonifanya niitoe ni mvua. Gari tupu, lami imelowa, kona ya kupanda, gia ya pili. Kwa difu ya kawaida tairi la ndani lingeteleza peke yake na la nje lingeshikilia mkia. Kwa loka yaliachia yote mawili kwa pamoja. Mkia ukatoka, nikaja kusimama nimekingama barabara nzima nikiangalia nilikotoka. Bahati hakuna aliyekuwa anakuja. Kwenye tope la njia inayoinamia bonde ni hivyo hivyo: yote mawili yakizunguka, gari linaserereka kwa ubavu kuelekea chini, wakati lenye difu huru lingekwama pale pale. Mara mbili nimewahi kutamani ningekuwa nimekwama.

Wewe siku tano kati ya saba uko lami na gari tupu. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Jingine ambalo watu hawaambiwi ni matairi. Ya nyuma lazima yawe mapacha: saizi moja, uchakavu mmoja, upepo mmoja. Ukifunga tairi la akiba dogo upande mmoja, lenyewe linazunguka haraka zaidi, kwa hiyo loka inadhani uko kwenye kona kuanzia unapotoka hadi unapofika. Lile kubwa ndilo linalosukuma gari peke yake.

Na usimwamini aliyekuuzia. Hizi ndogo zinaingia kwenye kizimba cha difu huru tu, yaani ya kawaida. Kama ndani kuna difu yenye sahani za msuguano, zinazobana ili tairi moja lisilizidi la pili kirahisi, haiingii. Weka kabari matairi ya mbele, inua ya nyuma yote mawili uyakalishe kwenye stendi, mpini uwe kwenye tuu wili (nguvu kwa matairi ya nyuma tu), gia huru. Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likirudi nyuma, difu ni huru. Likikufuata, kuna sahani.

Dereva wa Usiku:

Niongezee kimoja: kama gari lina ABS (breki zinazozuia matairi yasifunge) na ule mfumo wa kudhibiti mtelezo, muulize mtengenezaji wa loka kabla ya kununua. Vihisio vya matairi vinaweza kuchanganyikiwa yakizunguka kama kitu kimoja. Na asikushauri mtu uanze na ya mbele. Ukishaunga fobaifo, usukani unakuwa kama wa trekta.

Pikapu Nyeupe:

Mzee Spana, shikamoo. Nimeinua gari leo. Nimezungusha la kulia, la kushoto likanifuata! Nimerudia mara tatu nikidhani nimeona vibaya, na propela nayo inazunguka. Kwa hiyo difu ina sahani, na mimi miaka miwili naamini ni ya kawaida. Lakini kama ina sahani, mbona pale kwenye mfereji linazunguka hewani vile?

Spana Kumi na Saba:

Marahaba. Umeokoa fedha zako, hiyo ndogo ungeinunua ikabaki kuwa pambo la kabati.

Jibu liko sehemu mbili. Kwanza, hata sahani zikiwa nzima, difu ya aina hiyo inahitaji tairi linaloteleza liwe na ukinzani kidogo. Likiwa hewani kabisa, la chini linaambulia kile tu ambacho springi za kubana sahani zinaweza kutoa. Pili, sahani zako zinaweza kuwa zimekwisha. Kulifuata la mwenzake likiwa linaning'inia si kazi, hata sahani zilizochoka zinaweza. Shusha tairi moja chini, la pili liache juu, gia huru, uzungushe hilo la juu. Sahani zikiwa nzima itabidi utumie nguvu za kweli. Halafu fungua bolti ya kujazia oili ya difu, chovya kidole uone hali yake.

Ukienda dukani kwa mtu wa kukuuzia kizimba kizima atakwambia Detroit Locker ndiyo dawa. Ni imara kuliko hizi ndogo, sibishi, lakini krauni itahamishiwa kwenye kizimba kipya, beringi za pembeni zipangwe upya na nafasi ya meno ipimwe kwa saa ya kupimia. Si kazi ya kukisia kwa sikio. Na tabia ya kwenye kona ni ile ile niliyokusimulia.

Wakati unaamua, ukifika kwenye mfereji jaribu kuvuta hendibreki kidogo, meno matatu au manne, huku unakanyaga mafuta taratibu. Tairi la hewani linapata kitu cha kupambana nacho, na la chini linapata mgawo wake. Ukishavuka achia, usije ukaichoma.

Pikapu Nyeupe:

Mrejesho. La juu linazunguka kwa mkono mmoja, huku nimeshika simu kwa mkono mwingine. Oili ni nyeusi, ina harufu ya kuungua, na sina uhakika kama iliwekewa ile dawa ya difu za sahani au mtu alimwaga tu ya kawaida.

Jioni nimerudi kwenye mfereji wangu. Kushoto kukanyanyuka kama kawaida, feni ikaanza. Nikavuta hendibreki, meno matatu. Hakuna. La nne: tairi la hewani likaguna, likapunguza mwendo, la kulia likachimba udongo mara moja, likashika. Gari likapanda polepole hadi juu. Nikashuka nikaugeukia mfereji, nikarudi nyuma nikauvuka tena, safari hii bila sababu yoyote.

Sahani na oili nabadilisha wiki ijayo. Kamba Ndefu, nitakutafuta unionyeshe hiyo mipira.