Kaya 60, stoo moja: tugawe kikavu au tupike?

Mratibu_stoo: Habari za kazi, wakuu. Tuna chumba kimoja cha stoo, watu 9 wa kujitolea na sufuria ya lita 100. Kaya zenye njaa ni 60, wastani wa watu 4 kila moja, na nyingine zipo kilomita 8 nje ya mji. Kipi bora, chakula kikavu au kilichopikwa?

Mizani: Anza na hesabu. Mgao kamili wa dharura hulenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na msingi wake ni takribani nafaka gramu 400, maharage au kunde gramu 60 na mafuta gramu 25. Kwa watu wako 240 hiyo ni nafaka kilo 672 kwa wiki, maharage kilo 101, mafuta kilo 42. Kama hamfikii, semeni wazi kwamba mnatoa nusu mgao, tena nusu ileile kila wiki. Wiki ya neema ikifuatwa na wiki mbili tupu, familia haiwezi kupanga chochote.

Halafu pimeni kwa mizani. Kopo likishindiliwa na mmoja na kulegezwa na mwingine, ugomvi unaanzia foleni.

Wa kilomita 8 wapeni kikavu. Hakuna atakayetembea kilomita 16 kwa sahani moja.

Fukusi_adui: Naongezea la stoo, maana hapo ndipo chakula kingi hupotea. Msipokee nafaka yenye unyevu. Kipimo cha bure: chupa ya kioo iliyokauka, chumvi kavu kidogo, jaza nafaka hadi theluthi, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni juani. Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, kwa hiyo kuchagua punje mbovu ni kazi ya lazima.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta ili mtu apite kukagua panya na mchwa. Andikeni tarehe kwenye kila gunia. Lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Mifuko isiyopitisha hewa inaua wadudu bila dawa, lakini tundu moja la panya linaharibu kila kitu.

Mratibu_stoo: Asante sana. Na wazee wasio na kuni wala nguvu za kupika?

Mwiko: Hao ndio wa sufuria. Lita 100 msijaze zaidi ya 75, itafurika. Kwa nusu lita kila mtu ni sahani 150. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yakiiva nusunusu kwa moto mdogo hutapisha watu, na lawama zitaangukia mafuta au maji. Chakula kikae juu ya nyuzi 60, au kiliwe ndani ya saa 2. Cha kulala kisigawiwe kesho, hasa wali.

Jambo moja la haraka: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, msimshindilie chakula. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.