Mrejesho: nilikubali kazi kituoni

Wakubwa shikamooni. Mwanzoni mwa mwaka niliuliza: mimi niliyeacha unga (heroini) miaka miwili, nikubali kuwa mwelimishaji rika kwenye kituo cha watumiaji wa dawa za kulevya hapa Mtwara, au najirudisha shimoni? Wengi mlisema nikimbie. Nilikubali.

Wiki ya kwanza ilinitesa. Sindano wala hazikunisumbua. Mpya tunazowapa watumiaji nahesabu zinapotoka, zilizotumika zinaingia kwenye boksi lake. Kilichonimaliza ni harufu ya kokteli, unga na bangi, kule maskani. Mate yalinijaa mdomoni. Nikamwambia msimamizi palepale, akanitoa zamu za nje, nikashika birika la chai mwezi mzima. Uliyeniambia "usifiche, sema siku hiyohiyo", ubarikiwe.

Halafu kuna kijana alizidiwa na unga chini ya mkorosho nyuma ya kituo. Anakoroma, midomo imekuwa kama majivu. Muuguzi akamchoma naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, mimi nikawa nampulizia pumzi. Aliamka na hasira (arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilimpanda ghafla) akataka kuondoka. Tukamng'ang'ania, maana naloksoni inaweza kuisha nguvu unga bado umo mwilini, mtu akazama tena. Saa mbili nzima nilikaa naye tukibishana mpira wa uwanja wa Nangwanda. Sasa anakuja kila asubuhi, anaoga, anakunywa chai, anaondoka. Kuacha hajaacha, na simwulizi.

Mama bado anawaambia majirani nauza korosho. Posho nayo ni ndogo, huwa inachelewa.