Galula au Nsungwe? Miamba myekundu ya Rukwa na vidonge vya chokaa vinavyofanana na mifupa

Kokoto_Songwe
Wakuu, natafuta mifupa ya kale bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na ramani za zamani zinaita kila kitu jiwe-mchanga jekundu. Nitajuaje nipo kwenye tabaka la Galula (Kretasia, enzi ya dinosaria) na si la Nsungwe, lililo changa zaidi? Na kipande cheupe kikitoa povu kwenye asidi, ndiyo kusema si mfupa?

Tabaka_Mshazari
Mkuu, rangi haikusaidii. Tafuta majivu ya volkano. Sehemu ya juu ya Nsungwe inayo, ndiyo maana umri wake unajulikana, kama miaka milioni 25. Galula haina majivu ya kupima, na umri wake bado una ubishi. Ila angalia: sehemu ya chini ya Nsungwe, Utengule, nayo ni nyekundu na imejaa kokoto, kwa hiyo kukosa majivu peke yake hakuthibitishi Galula. Bonde lenyewe limekatwakatwa na nyufa. Hatua chache tu unaweza kuruka kutoka tabaka moja hadi jingine bila kujua.

Galula ina sehemu mbili: Mtuka iko chini, Namba juu. Mtuka ina matope mekundu yenye vidonge vya chokaa vya udongo wa kale. Namba ni mchanga wa mito kwa wingi, na humo ndimo walimotoka Pakasuchus (mamba wa kimo cha paka, 2010), dinosaria wawili, Rukwatitan (2014) na Shingopana (2017). Dinosaria Mnyamawamtuka (2019) alitoka Mtuka, jina linajieleza.

Lenzi_Kumi
Povu linadanganya. Mfupa ni fosfati, hautoi povu, lakini vitundu vyake mara nyingi vimejaa kalsaiti (madini ya chokaa), nayo hutoa. Tumia lenzi ya mara 10 kwenye sehemu iliyovunjika: mfupa una ganda gumu nje na sponji ndani, kidonge ni kilekile kote. Kipimo cha kulamba uone kama kinanata ulimini usikitegemee, matope makavu nayo hunata. Na asidi usiidondoshee kitu unachotaka kukitunza.

Plasta_na_Gunia
Ukithibitisha ni mfupa, usiung'oe. Andika GPS na chora mshale wa kaskazini. Gundi ya Paraloid B-72 iyeyushe kwenye asetoni, asilimia 5 hivi, iingie kwenye nyufa. Mfupa ukiwa na unyevu itageuka ukungu mweupe, subiri ukauke. Chimba kuuzunguka ubaki juu ya kisiki cha mwamba, funika kwa karatasi ya chooni iliyolowa, ndipo vipande vya gunia vyenye plasta. Ukiruka karatasi, plasta hushika mfupa na maabara watakulaani. Kata kisiki chini, kisha geuza kwa mkupuo mmoja.

Usitarajie kiunzi kizima. Rukwatitan alipewa jina bisepultus, aliyezikwa mara mbili, kwa kuwa mto wa kale ulimfukua kiasi kisha ukamfunika tena. Panua shimo kuelekea mto ulikokuwa ukienda.

Kokoto_Songwe
Nimeelewa. Na kibali?

Plasta_na_Gunia
Kibali cha utafiti unakipata COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), leseni ya kuchimba unaipata Idara ya Mambo ya Kale. Kabla ya hapo piga picha, andika GPS, mfupa uuache hapo.