Kipandikizi cha titi: nichague mililita 275 au 375?

Mama wa Wawili, Nairobi

Hamjambo nyote. Nimenyonyesha watoto wawili, na tangu nimwachishe ziwa wa pili mwaka jana, matiti yangu yamenywea sehemu ya juu hata sidiria za zamani zinabaki wazi. Uamuzi wa kuwekewa vipandikizi, yaani mifuko ya kujaza titi, nimeshaufanya pamoja na mume wangu. Kinachonisumbua ni ukubwa. Daktari alipima upana wa titi akapata sentimita 11.5, akabana ngozi kwa vidole viwili kuona unene wake, kisha akapendekeza mililita 275, nyuma ya msuli wa kifua. Rafiki yangu aliwekewa 375 na amependeza sana. Nilipompelekea daktari picha yake, alisema hawezi kuniahidi umbo lile, wala hawezi kuniahidi sidiria ya herufi D. Je, ananinyima kitu, au ana sababu?

Aliyepitia, Mombasa

Mdogo wangu, sababu anayo. Miaka sita iliyopita nilipimwa sentimita 11, nikashikilia 400 kwa sababu ya picha, na daktari wangu akakubali, ingawa alipaswa kunikatalia. Kipandikizi kilichozidi upana wa titi hutafuta nafasi kwapani, na ngozi inayobeba uzito huo huendelea kuwa nyembamba. Leo nikioga na kupitisha kidole chini ya titi la kushoto, nauhisi ukingo wake kama mkunjo wa mfuko wa nailoni. Rafiki yako huenda ana kifua kipana kuliko chako, au alikuwa na nyama zaidi tangu mwanzo. Mililita 375 zile zile kwako zingekuwa kitu kingine kabisa.

Fanya hivi: pima mchele mililita 275 kwa jagi la jikoni, utie katika stokingi, ufunge fundo, kisha ufanye mwingine kama huo. Vaa ndani ya sidiria ya michezo siku nzima, ukipika na ukipanda ngazi. Kesho yake jaribu 375. Kumbuka kwamba mchele ni mwepesi kuliko jeli ya silikoni kwa ujazo ule ule, kwa hiyo uzito halisi utazidi huo utakaousikia, na kwamba kipandikizi kilichobanwa na msuli huonekana kidogo kuliko mchele uliokaa juu ya ngozi.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Dar es Salaam

Dada, kuhusu herufi D, kila kiwanda cha sidiria hukata kwa kipimo chake, na ndiyo maana daktari makini huzungumza kwa mililita na sentimita. Muulize pia jambo ambalo hukulitaja: chuchu zako ziko juu au chini ya mkunjo wa titi, pale linapokutana na kifua kwa chini? Zikiwa zimeshuka chini ya mkunjo, kipandikizi peke yake hakiziinui, na kuongeza ukubwa ili kujaza ngozi iliyolegea huzidisha mzigo. Hapo huhitajika upasuaji wa kuinua titi, wenye kovu lake.

Nimewaona wagonjwa wakilia wiki ya pili kwa sababu matiti yamekaa juu, magumu, na moja limevimba kuliko jingine. Msuli hulegea polepole, na umbo huanza kutulia kati ya miezi mitatu na sita. Matiti yasiyolingana kabla ya upasuaji hayatalingana sawasawa baada yake.

Usidhani pia kwamba ni kazi ya mara moja. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliagiza mwaka 2021 kwamba vipandikizi viwekewe onyo kuwa si vya maisha yote, na kwa vya silikoni inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. Dai kadi yenye jina la kiwanda na namba ya kipandikizi. Vipandikizi vya kampuni ya PIP ya Ufaransa vilipoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kujazwa silikoni ya viwandani, mwenye kadi alijua mara moja kama vinamhusu.

Mkunga, Tanga

Nyongeza fupi: ukitarajia mtoto wa tatu, subiri. Ujauzito hulibadilisha titi upya, na ukubwa utakaouchagua leo hautakuwa na maana ile ile.

Mama wa Wawili, Nairobi

Ahsanteni sana. Nimevaa mchele wa 375 tangu asubuhi, na kufikia saa nane mikanda ya sidiria ilikuwa imenichora mabegani. Nilipoinama kufunga viatu vya mwanangu nilizishika stokingi kwa mkono. Ule wa 275 niliusahau hadi jioni. Mtoto wa tatu hatumtarajii. Alhamisi narudi kwa daktari kuuliza habari ya chuchu na mkunjo, kwa maana nikijitazama kwenye kioo, la kulia naona limeshuka.