Mjadala: Kibanio cha hewa Daytona 500 kiondolewe au kibaki?

Koo Pana (mwanzisha mada)

Wadau, hoja yangu ni moja. Injini za Daytona 500 zimekabwa koo tangu 1988, na wakati wa kuziachia umefika.

Kwa wasiofuatilia: hizi ni mbio za kila Februari huko Florida, Marekani, mizunguko 200 ya maili 2.5, jumla kama kilomita 805. Tarehe 3 Mei 1987, kwenye uwanja mwingine kabisa, Talladega, gari la Bobby Allison lilipasuka tairi, likageuka mkia mbele, likapaa na kuchana uzio wa jukwaa. NASCAR, wasimamizi wa mbio hizi, wakaja na dawa ya dharura, kuzikaba injini hewa, nayo ikabaki hadi leo. Linganisha kasi za kupanga nafasi Daytona: Bill Elliott 1987, km 338.5 kwa saa. Ken Schrader 1988, baada ya kibanio, km 311.9.

Kibanio chenyewe kilikuwa kipande (pleti) cha alumini chenye matundu manne, kinakaa kati ya kabureta na manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Koo za kabureta zilikuwa na kipenyo cha inchi 1 na 11/16, matundu ya pleti kwa miaka mingi inchi 7/8. Ukipiga hesabu ya eneo, njia ya hewa inabaki robo na ushee. V8 ya lita 5.9 yenye uwezo wa nguvu farasi zaidi ya 700 inashushwa hadi 400 na kitu.

Tatizo kubwa linaanzia hapo. Injini iliyonyimwa hewa, ukiachia pedali ya mafuta kidogo tu, haiamki upesi. Unapitwa na mstari mzima kabla haijarudi. Kwa hiyo hakuna anayeachia. Na kwa kuwa nguvu ni ileile kwa wote na kona hazimlazimishi mtu kupunguza, hakuna anayeweza kuwakimbia wenzake. Matokeo yake ni magari 40 bampa kwa bampa, safu tatu. Mmoja akiyumba, ishirini wanakwenda na maji.

Mlinda Uzio

Mkuu, umesahau walioketi jukwaani. Nishati ya mgongano inakua kwa mraba wa kasi. Kutoka 312 kwenda 338 ni nyongeza ya kasi isiyofika asilimia 9, ila nishati inapanda karibu asilimia 18. Hizo ni injini za 1987. Za leo ukiziachia huru hazitasimama hapo.

Na uwanja haukusaidii. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR aliyeujenga, alitaka kona zenye mwinamo wa digrii 31. Udongo wa kuziinua ulichimbwa katikati ya kiwanja, na shimo lililobaki ndilo Ziwa Lloyd mnaloliona kwenye televisheni. Mbio za kwanza, Februari 1959, Lee Petty alishinda kwa wastani wa km 218 kwa saa. Sasa mnataka kona za enzi zile zibebe magari ya 340.

Mama Gia

Ndugu Mlinda Uzio, hesabu yako ni sahihi, ila kibanio hakikuzuia magari kupaa. Rusty Wallace alibingirika vibaya Daytona na Talladega mwaka 1993, kibanio kikiwemo. Kilichosaidia ni vibamba vya paa, vilivyoanza 1994. Gari likigeuka mkia mbele, paa linafanya kazi ya bawa: hewa ya juu inakimbia, mgandamizo unashuka, gari linavutwa juu. Mvuto huohuo ndio unaovifungua vile vibamba, bila mota. Vikisimama vinavunja mkondo wa hewa na gari linabaki chini.

Hata hivyo Julai 2015, uwanja huohuo wa Daytona, Austin Dillon aligongwa kwenye mstari wa mwisho akarushwa hadi kwenye uzio, injini ikachomoka. Alikuwa ndani ya kundi, na kundi hilo limetengenezwa na kibanio. Februari 2013, kwenye mbio za daraja la pili siku moja kabla ya 500, vipande vya gari la Kyle Larson vilijeruhi watazamaji zaidi ya ishirini. Kundi tena.

Na tusichanganye mambo: kifo cha dereva Dale Earnhardt, mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 ya 2001, kilileta dawa zilizofanya kazi kweli. Alivunjika kitako cha fuvu. Kifaa cha kushikilia kichwa na shingo kikawa lazima Oktoba mwaka uleule, kisha zikaja kuta zinazofyonza mgongano. Lakini Daytona hawakuzizungushia kila mahali mpaka Kyle Busch alipovunjika mguu Februari 2015 kwa kugonga ukuta wa ndani wa zege tupu. Miaka kumi na nne! Fedha za kuta zingepatikana mapema, tusingekuwa tunabishana juu ya matundu ya inchi 7/8.

Zamani Kweli

Naona watu wanaikumbuka Daytona isiyo na kibanio kama pepo. Someni matokeo. Mwaka 1959 Lee Petty na Johnny Beauchamp walimaliza sambamba, ikachukua siku tatu kumtangaza mshindi, ni kweli. Lakini gari la tatu kwenye picha ile, la Joe Weatherly, lilikuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Mwaka 1964 Richard Petty, na injini mpya ya Hemi, aliongoza mizunguko 184 kati ya 200. Mbio gani hizo? Hata 1979, ile inayotajwa kila siku, Cale Yarborough na Donnie Allison walipogongana mzunguko wa mwisho, Richard Petty aliyekuja kushinda alikuwa nyuma nusu uwanja.

Kukaa mgongoni mwa aliyetangulia pia hakukuletwa na 1988. Junior Johnson alishinda 1960 na Chevrolet isiyofua dafu mbele ya Pontiac, kwa kujibanza nyuma yao wamkatie upepo. Magari mawili yakifuatana yote mawili yanaongeza kasi: la nyuma linapata hewa nyepesi, la mbele linapunguziwa mvuto wa nyuma.

Koo Pana

Zamani Kweli, Johnson alishinda kwa akili yake. Mwaka 2021 Michael McDowell aliongoza mzunguko mmoja tu, wa mwisho, kwa sababu wawili waliokuwa mbele yake waligongana. Simlaumu dereva, alikuwa mahali panapotakiwa. Ila mfumo unaogawa ushindi hivyo ni bahati nasibu yenye matairi.

Tanki Tupu

Mnabishana juu ya pleti ambayo haipo. Daytona 500 ya 2019 ndiyo ya mwisho kuitumia. Baada yake imefuata spesa nene yenye matundu yanayosinyaa taratibu, hewa inapita bila kukwaruzana na kingo kali. Baada ya ajali ya Ryan Newman, Februari 2020, nguvu ikapunguzwa kutoka farasi 550 hivi hadi 510.

Ubovu wa leo uko kwenye mafuta. Gari la 2022 lina nati moja kila gurudumu. Zamani zilikuwa tano. Matairi manne yanabadilishwa kwa sekunde kumi au pungufu, kwa hiyo kinachokuchelewesha piti, pale magari yanaposimama kuhudumiwa, ni kujaza tanki. Aliyetumia mafuta machache anatoka mapema, na kwa kuwa njiani hupiti mtu, nafasi tano za piti ni dhahabu. Basi safu ya mbele inakanyaga pedali nusu tu makusudi. Wa nyuma wakijaribu safu ya tatu wanakutana na upepo peke yao, wanakwama. Unatazama magari 40 yaliyobanana yakibana matumizi. Mwaka 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, walau walikuwa wazi: walikata asilimia 10 ya safari wakaanza kuhesabu mzunguko wa 21.

Ukiondoa spesa leo, kwa mwili huuhuu wa gari na piti hizihizi, tabia hiyo haifi.

Boma la Fundi

Kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa: injini ndogo. Mwaka 1971 walishaitumia kuyaua magari yenye mabawa makubwa, Dodge Daytona na wenzake. Yaliruhusiwa, ila kwa injini ya inchi 305 za ujazo, kama lita 5. Wengi wakayaacha. Injini ndogo inayopumua vizuri inaitika mara moja ukikanyaga, kwa hiyo dereva anaweza kuachia na kurudi bila kuzama. Tatizo lote la Koo Pana linapungua bila kuongeza kasi.

Kikwazo ni gharama. Kibanio ni rahisi: waamuzi wanakigawa wenyewe, kisha wanakikagua, na timu inatumia kizazi kilekile cha injini. Injini ya pili ina maana ya krenki, pistoni, kamshafti na saa za majaribio kwa ajili ya mbio chache kwa mwaka.

Na waandaaji wenyewe hawaoni kundi kuwa ugonjwa. Uwanja wa Atlanta ulipojengwa upya kwa ajili ya 2022, kona ziliinuliwa kutoka digrii 24 hadi 28 na injini zikakabwa kama za Daytona. Waliongeza uwanja mwingine wa kundi kwa hiari yao.

Mlinda Uzio

Injini ndogo naiunga mkono, kwa sharti kasi ya juu iandikwe kwenye kanuni kabla ya kipenyo chochote. Pia Mama Gia, ukarabati uliokamilika 2016 uliondoa majukwaa yote ya upande wa nyuma. Waliobaki wako upande mmoja tu, ule wa mstari wa mwisho, ambako dereva wa nyuma ana sababu zote za kumgonga wa mbele. Uzio wa hapo ndio ningeanza nao, kabla ya kumwongezea mtu farasi hata mmoja.